Sanduku Lililofumbwa Macho

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu kwanza, hata kama umeifungua bahasha hii ukiwa umeikasirikia nyumba nzima. Salamu hazina kosa. Natumaini u mzima, kozi yako ya uuguzi inaendelea vizuri, na kile kikohozi nilichokisikia kwenye simu ya Jumapili kimekuacha. Sisi hapa hatujambo. Mama anakusalimu sana na ameniagiza nikuandikie kwamba asubuhi amekula akamaliza. Mimi, ili tusianze barua kwa uongo, naongeza kwamba amekula nusu, na nusu nyingine ameifunika kwa leso akidhani sikumwona.

Leo ni Alhamisi, saa tatu na dakika ishirini asubuhi. Umeme umekatwa saa tatu kamili kama walivyotangaza, na wametangaza utarudi saa kumi alasiri. Mama yuko kitandani, barakoa usoni, mashine ya kupumulia inavuma pembeni yake, na inaendeshwa na betri kupitia lile sanduku. Ndiyo, dada, lilelile. Najua hapa umesimama na kuanza kutafuta simu. Kaa kwanza. Nimekalia kiti chako, mkono wa kushoto uko juu ya kifuniko cha sanduku na wa kulia unaandika, ndiyo maana mwandiko umepinda. Jirani mshona viti ameegesha pikapu yake mlangoni, na ameapa haitoki leo mpaka umeme urudi. Kidude cha kidoleni kinachopima oksijeni ya damu kinasoma tisini na tatu. Kikishuka chini ya themanini na nane naacha kalamu na tunakimbilia hospitali.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Kwenye simu hunikatiza nikifika neno la tatu, nami ninachotaka kusema kina maneno zaidi ya matatu. Tena, nikisema kweli, nikikatizwa huwa nashukuru. Karatasi haimkatizi mtu. Kesho alfajiri nampa barua hii dereva wa basi la kwanza. Nimeshaelewana na karani wa vifurushi, na jioni utakuwa nayo mkononi, kabla hujapanda basi la Jumamosi kuja huku.

La kwanza la kukuarifu ni kwamba agizo lako limetimizwa. Ulimwandikia shemeji kwamba ukifika usikute hata kandambili zake, na hutazikuta. Alihama jana asubuhi. Unamjua mumeo, mtaani hawakumpa jina la Taratibu bure. Mwanamume mwingine angehama kwa dakika kumi, yeye alitumia saa tatu kwa mabegi mawili. Alikunja kila shati mara mbili. Alikaza kitasa cha mlango wenu kilichokuwa kikilegea tangu mwaka jana. Alibandika juu ya kitanda cha mama karatasi yenye saa za dawa, kwa herufi kubwa ili asihitaji miwani. Mama akamuuliza anakwenda wapi, akajibu kwamba amepata kazi ya wiki chache mahali. Basi mama akamwombea safari njema na kumkumbusha abebe sweta. Mimi nilikuwa nimesimama palepale nikiangalia vidole vya miguu yangu.

Kabla ya kutoka alinipa funguo za chumba cha mbele tunachofanyia kazi, na kitu kingine ambacho nitakitaja nikifika mahali pake. Akasema sanduku la mama nitalitengeneza mimi, kwa kuwa wewe ulimkataza kuligusa na hataki kulivunja neno lako. Basi jana mchana nilikuwa peke yangu na bodi ya sanduku iliyoungua, na tangazo la umeme wa leo limebandikwa kwenye nguzo mbele ya dirisha. Mama mwenyewe alikwisha kusema kwamba nyumba yenye Taratibu mmoja na Chapchap mmoja haiwezi kuchelewa wala kuwahi. Jana alibaki Chapchap tu. Na ule msemo wa haraka na baraka usinikumbushe, maana nimesomewa mara tatu tangu asubuhi.

Saa tano kasoro robo. Tisini na mbili. Nimeigusa koili ndani ya sanduku, ina joto la chai iliyosahaulika.

Siku ile uliponiuliza ilikuwaje sanduku likaungua, nilikujibu kwamba ni mambo ya ufundi, huwezi kuelewa. Nikakujibu hivyo wewe, unayesoma moyo wa mtu kwenye karatasi yenye mistari ya kupanda na kushuka! Nisamehe. Ungeelewa vizuri sana, na hicho ndicho kilichonitia hofu. Acha nikueleze sasa, kwa sababu usipoelewa hili, hutaelewa ninachotaka kukwambia baadaye.

Mashine ya mama inataka volti ishirini na nne. Betri ina kumi na mbili. Kazi ya sanduku ni kupandisha, na volti hazipandi kwa kubembelezwa. Ndani kuna koili, waya mnene uliozungushwa kwenye pete nyeusi. Kuna na transista, ambayo ni swichi inayowashwa na kuzimwa bila kidole. Ikiwashwa, mkondo unatoka kwenye betri, unapita ndani ya koili, na kadiri unavyopita ndivyo unavyozidi, kama mkokoteni uliosukumwa kwenye mteremko. Kisha swichi inazimwa ghafla. Mkokoteni ulioshika kasi hausimami kwa kuambiwa simama, na koili nayo haikubali mkondo wake ukatwe. Inausukuma mbele, na msukumo huo unajiongeza juu ya nguvu ya betri, unapita kwenye daiodi, ambayo ni mlango wa kwenda usio na wa kurudi, na kuingia upande ambao mashine inakula. Halafu swichi inawashwa tena. Mzunguko huo unafanyika mara laki moja kwa sekunde.

Anayeamua swichi izimwe lini ni aisii, kidude cheusi chenye miguu minane, kidogo kuliko ukucha. Shemeji aliponifundisha hili nilikwama wiki nzima, mpaka nilipokumbuka bomba letu la uani tulipokuwa watoto. Mama alikuwa jikoni na pipa lake, wewe bombani na ndoo. Pipa likipungua mama alipaza sauti kwamba ndoo zijazwe mpaka mstari wa juu. Likikaribia kujaa alisema nusu zinatosha. Yeye hakugusa bomba. Wewe hukuliona pipa. Kazi yako ilikuwa kuyatazama maji ndani ya ndoo, na yakifika mstari aliokutajia, unafunga. Ndani ya aisii wamo wote wawili. Mmoja anapima volti zinazotoka na kutangaza mkondo ufike wapi. Wa pili anautazama mkondo wenyewe unavyopanda, kila mzunguko, na ukifika pale anazima. Ndiyo maana mashine ikitaka zaidi kwa ghafla, au betri ikianza kuchoka, ndoo haifuriki. Kuna na mengine, kama ule mwinuko mdogo unaoongezwa kwenye kipimo ili ndoo moja isijae pomoni na inayofuata ikawa nusu, lakini hayo atakueleza mumeo, kama mtakuwa bado mnaongea.

Jicho la yule wa bombani ni rezista moja bapa, kubwa kidogo kuliko punje ya mchele. Mkondo wote wa koili hupita ndani yake na kuacha alama ndogo mno, sehemu ya volti isiyoweza kuwasha hata taa ndogo ya tochi. Aisii inaisoma alama hiyo na kusema basi, zima. Sasa ukiiondoa rezista, mahali pake ukalehemu kipande cha waya, mkondo unapita bila kuacha alama ya maana. Aisii inatazama na kuiona ndoo tupu wakati maji yameshafika ukingoni. Kibaya zaidi ni kwamba kwa nje huoni kitu. Yule wa jikoni bado analiona pipa, volti zinasoma ishirini na nne barabara, taa ya gari ukiiunganisha inawaka vizuri. Shida inangoja siku mashine itakapoomba zaidi. Siku hiyo hakuna wa kufunga bomba. Koili inazidiwa, transista inaungua, na volti zinaanguka.

Ndivyo ilivyokuwa Jumanne ile, wiki tatu zilizopita. Umeme ulikuwa umekatika tangu saa nne. Shemeji alikuwa ametoka kununua vibano vya betri, mimi nilikuwa chumba cha mbele na redio ya mteja. Nilichosikia kwanza ni ukimya. Unajua nyumba ikishazoea ule mvumo, ukimya wake ni kama mtu amekupigia kelele sikioni. Halafu ikaja harufu. Nilipofika chumbani mama alikuwa ameing'oa barakoa, midomo imebadilika rangi, mkono mmoja unapapasa shuka kama anatafuta kitu kilichoanguka. Kidude kilisoma sabini na moja. Nilimbeba, dada. Mama yetu yule aliyekuwa akitubeba wawili kwa mpigo, nilimbeba peke yangu mpaka kwenye pikapu ya mshona viti, na alikuwa mwepesi. Hilo la wepesi sijamwambia mtu.

Alilazwa siku sita. Wewe ulipofika kesho yake ulikwenda hospitali kwanza, kisha ukaja nyumbani na kukuta sanduku liko wazi mezani. Hukupaza sauti, na ingekuwa afadhali ungepaza. Uliuliza ni kazi ya nani. Shemeji akakigeuza kifuniko ukaiona alama yake kwa kalamu nyeusi, herufi mbili na tarehe, akasema ni kazi yake, alikosea. Ukasema aliyemfanyia mama hivi hutakula naye meza moja tena maisha yako yote. Baada ya hapo unayajua, uliyaandika mwenyewe.

Saa saba na dakika hamsini. Naendelea kuandika baada ya kuacha kwa nusu saa, na utaona mwandiko umezidi kupinda. Usiogope, mama yuko salama, kidude kinasoma tisini na mbili. Lakini acha nikusimulie.

Saa saba na robo hivi nilikuwa nimesogea dirishani kunyoosha mgongo. Ghafla mvumo wa mashine ukashuka. Haukukatika, ulishuka, kama mtu anayepanda ngazi na mzigo. Nikalirukia sanduku. Hakuna harufu. Nikaigusa koili, ni ya moto kidogo kuliko kabla, ila haiunguzi. Kipimo cha volti kilisoma kumi na tisa. Kidude cha mama kikasoma themanini na tisa. Nikakimbia mlangoni kumwita mshona viti, na mlango wa pikapu ukafunguka kabla sijafika kizingitini.

Aliyekuwa kwenye usukani alikuwa shemeji. Dada, alikuwa amekaa pale tangu saa mbili na nusu asubuhi, jua lote lile, kadi ya hospitali ya mama iko mbele yake kwenye kioo. Hakuvuka kizingiti. Akiwa amesimama nje, mkono kwenye mlango wa gari, aliniuliza kwanza kidude kinasoma ngapi, kisha volti ngapi, kisha koili ina joto gani. Nikamjibu yote matatu. Akaniambia nisimwondoe mama kwenye mashine, nirudi ndani nitazame kimewashwa nini.

Nikarudi. Kwenye mashine ile taa ndogo ya rangi ya machungwa ilikuwa inawaka, ile ya kupasha maji ili hewa isimkaushe mama koo. Sanduku letu halina nguvu ya kubeba mashine na kipasha maji kwa pamoja. Nikakizima. Mvumo ukapanda pale pale, volti zikarudi ishirini na nne, na mimi nikakaa sakafuni. Yule wa bombani alikuwa ameona. Aliambiwa ajaze kupita uwezo wa ndoo, akakataa, mzunguko baada ya mzunguko, volti zikashuka badala ya kitu kuungua. Nilipomrudishia shemeji habari aliuliza tena kuhusu koili, unamjua, kisha akarudi kwenye gari na kufunga mlango polepole. Nilimwambia aingie. Akasema ulimkataza nyumba, hukumkataza barabara.

Niliporudi chumbani mama alikuwa analia. Aliivuta barakoa pembeni ili aseme, nikamkataza, akanikatalia katazo langu. Akasema ni yeye aliyekibonyeza. Koo lilikuwa limekauka, hakutaka kunisumbua. Akaendelea kusema kwamba hata Jumanne ile alikibonyeza yeye, hicho hicho, na dakika haikupita mashine ikazima. Amekaa nalo wiki tatu. Kwa hiyo ni yeye aliyeliharibu sanduku la mkwewe, na kwa ajili yake mkwewe amefukuzwa na bintiye. Nikamwambia shemeji amesafiri kikazi. Akasema anaumwa mapafu, masikio yake ni mazima. Akaniomba nisikwambie, eti asije akaonekana mzigo kuliko alivyo sasa.

Dada, niliianza barua hii asubuhi nikiwa nimekusudia kufika hapa, na kila nilipokaribia nikakuta la kueleza kwanza, mara bomba, mara ndoo. Sasa watu wawili wamejitwika kitu ambacho si chao, mmoja yuko kitandani na mwingine juani. Nimeishiwa njia za kuzunguka.

Waya ule niliuweka mimi.

Mwanzoni mwa mwezi ule nilikuwa naipangusa vumbi bodi ya sanduku, nikaishika kwa mkono mmoja kwa sababu wa pili ulikuwa na simu, ikaniponyoka na kugonga pembe ya meza. Rezista ikapasuka katikati. Tulikuwa hatuna nyingine, na muuza vipuri alisema mpaka wiki ijayo. Kesho yake umeme ulikuwa ukatwe. Ningesema tu, shemeji angempeleka mama hospitali akashinde huko siku hiyo, basi, yangekwisha. Niliona aibu. Miaka mitatu ananifundisha kushika bodi kwa mikono miwili. Nikakata kipande cha waya, nikalehemu, nikaunganisha taa moja, ikawaka. Koili ilikuwa inapiga mluzi mwembamba ambao haikuwa nao kabla. Niliusikia. Nikajiambia koili hupiga mluzi.

Unaijua sheria ya mumeo: sanduku lolote linalotoka mikononi mwetu huwasha taa tatu za gari kwa saa nzima, ndipo yeye huandika alama yake ndani ya kifuniko. Aliporudi aliniuliza kama nimeweka rezista mpya. Nikasema ndiyo. Akauliza kama taa tatu zimewaka saa nzima. Nikasema ndiyo. Hakufungua kuangalia, aliniamini, akachukua kalamu na kuandika. Siku iliyofuata sanduku lilimbeba mama bila shida kwa sababu hakukigusa kile kipasha maji, nami nikaona nimeponea chupuchupu. Na la kunifedhehesha zaidi ni hili: rezista zilifika. Tano, kwenye kifuko. Zilikaa kwenye droo yangu siku nne kabla ya Jumanne ile. Kila siku nilisema kesho.

Ulipouliza ni kazi ya nani, nilikuwa mlangoni na sinia la vikombe. Uliniambia niliweke chini, vinagongana. Nikaliweka. Hiyo ndiyo kazi pekee niliyofanya siku ile.

Sasa kile kitu kingine alichonipa shemeji pamoja na funguo. Ni kiberiti kisicho na njiti, na ndani yake mlikuwa na ule waya. Aliukata usiku ule ule wa Jumanne kabla hujafika, akauficha. Hakuhitaji kuniuliza. Lehemu zangu zina mkia, kwa sababu nachomoa pasi ya kulehemu kabla lehemu haijatulia; amenisema kwa hilo mpaka amechoka. Nilimuuliza kwa nini alisema ni yeye. Akajibu kwamba mume na mke kugombana na kupatana ni sehemu ya kazi yao, lakini ndugu wakikatana mama ndiye atakayegawanywa, na mama hana pumzi ya kutosha kwa hilo. Alidhani hasira yako kwake ingepoa kwa wiki moja. Hapo alikosea hesabu. Akasema pia kwamba alitia alama bila kufungua, kwa hiyo sehemu ya kosa ni yake kweli. Aliniomba nisiseme, nikamwahidi. Ahadi hiyo nimeivunja na sijutii.

Mama nimeshamwambia. Nilimwambia kabla ya kukuandikia ukurasa huu, nikiwa nimepiga magoti. Nikawa natazama kidude tu, tisini na moja, tisini na mbili. Kisha akanipiga kofi la mkono, dhaifu kama la mtoto, akaniacha niushike mkono huo huo. Wewe sitegemei uniache hivyo. Kama ulichosema kuhusu meza ni neno lako, basi liwe langu mimi. Nitakula jikoni, na nikilazimika nitahama. Sikuombi uharakishe kunisamehe. Naomba jambo moja tu: ukimaliza kusoma, mpigie yeye kwanza. Kwangu mimi bado kuna muda.

Ndani ya bahasha nimekuwekea ule waya. Uushike, uzitazame lehemu mbili zenye mikia, usiniachie nafasi ya kukana siku nyingine nikipata woga. Sanduku la sasa lina rezista yake, limewasha taa tatu kwa saa moja na nusu, na ndani ya kifuniko, chini ya alama ya shemeji, safari hii nimetia yangu.

Wasalimie wenzako wa kozi, hasa yule mwenye kicheko anayekupokelea simu. Mama anasema uvae sweta kwenye basi. Ni sweta kwa kila mtu wiki hii. Mshona viti naye anakusalimu na anauliza atarudishiwa lini gari lake.

Mimi mdogo wako, niliyelehemu,

Chapchap

Nyongeza. Umeme umerudi saa kumi na dakika ishirini. Kidude tisini na nne, koili vuguvugu. Nimetoka kumwarifu shemeji, ameshukuru, akakaa dakika tano zaidi ili ahakikishe haukatiki tena, ndipo akawasha gari. Mama amelisikia likiondoka. Ameniuliza mkwewe atarudi lini, nami nimemjibu kwamba hilo nimekuuliza wewe.